Shoka la kambi: la Sweden, Fiskars, Estwing au la mhunzi?

Nyikani
Wakuu salaam. Nataka shoka moja tu la kambi, la kukaa kwenye begi au buti la gari. Kazi zake: kuchanja kuni za jioni, kuchonga vigingi vya hema, kupogoa, na mara mojamoja kukata gogo lililolala njiani. Sehemu zenyewe ni mbili na hazifanani: mashamba ya misonobari na mikaratusi Mufindi, na nyika ya miombo upande wa Tabora. Ruhusa za wenye maeneo zipo, tusipoteze uzi huko. Nimebakiwa na haya:

1. Gränsfors Bruk Small Forest Axe, la Sweden. Mpini wa mti wa hikori wa sm 49, kichwa kilo 0.7 hivi.
2. Fiskars X7, la Finland. Mpini wa plastiki ngumu, sm 35, zima lina kama gramu 640.
3. Estwing Sportsman's Axe, la Marekani. Kichwa na mpini ni chuma kimoja, mshikio wa ngozi.
4. Shoka la mhunzi, la springi ya gari, mpini wa kienyeji.

La kwanza linavuka dola 150 kabla ya usafiri na ushuru. Naomba mlinganishe kwa kazi, si kwa sifa.

Fundi Mpini
Mkuu, anza na mti utakaoupiga, chapa baadaye. Hilo la Sweden lina makali membamba kwa sababu kwao linakata misonobari na miti mingine laini. Kwenye msonobari mbichi wa Mufindi linazama na kutoa vibanzi vikubwa, hayo mengine matatu hayalifikii. Mkaratusi mbichi nao si tatizo. Lipeleke Tabora likutane na fundo la mgunga mkavu, au mkongo uliokaukia wima, hapo habari ni nyingine. Chuma chake kimekomazwa, yaani kufanywa kigumu kwa moto, kufika 57 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell. Ukali mwembamba wa chuma kigumu namna hiyo haujikunji, unamegeka. Pengo la milimita 3 haliondoki kwa kunoa pale penye pengo tu: inabidi upige tupa makali yote kutoka pembe hadi pembe, tena kwa mkono.

Dawa yake ni pembe ya makali. Kwa mti laini nyuzi 25, ukijumlisha pande zote mbili, zinatosha. Kwa mti mgumu mkavu nenda 30 hadi 35, ila kwenye milimita moja ya mwisho tu: inua kinoo kidogo, pitisha mara tano sita kila upande, acha. Shavu la shoka, yaani ubavu ulio nyuma ya makali, libaki jembamba, vinginevyo utakuwa na kabari badala ya shoka.

Kuhusu urefu, watu huangalia begi wakasahau miguu. Shoka fupi likikosa gogo linarudi kwenye goti au muundi. Refu la sm 65 na zaidi mara nyingi huishia ardhini mbele yako. Hilo la sm 49 liko katikati, na ndipo ajali zilipo, kwa sababu mtu analipiga akiwa amesimama kana kwamba ni refu. Kwa mashoka yote manne uliyotaja, ukichanja piga magoti yote mawili, kigogo cha kuchanjia kiwe mbele yako. Likipitiliza litakita udongo.

MamaKambi
Fundi kasema kweli, ila kwa kuni za jioni tu mbona X7 inatosha na bei yake ni sehemu ndogo ya hilo la kwanza. Plastiki ya mpini imemiminiwa kichwani moja kwa moja, hakuna kabari, hakichomoki. Nimpe muulizaji namna ya kuchanja kwa shoka dogo bila kulizungusha hewani: weka makali kwenye kichwa cha ukuni, kwa urefu wake, shika ukuni na shoka pamoja, nyanyua vyote viwili na ukite kwenye kigogo. Mwanzo kidogokidogo mpaka makali yashike, kisha ondoa mkono unaoshika ukuni, ukite kwa nguvu. Kuni ya unene wa kifundo cha mkono inafunguka kwa mara mbili tatu. Ikizidi sm 10 kwa mti mgumu, X7 itakwama, na hapo usigonge kisogo chake kwa nyundo wala jiwe. Tumia rungu la mti.

Kasoro zake ni mbili. Mpini ukivunjika shoka limekufa, hakuna mpini wa kubadilisha. Na usiliegemeze karibu na mafiga, plastiki inalainika kabla hujagutuka.

Chuma Chekundu
Naona namba nne imeachwa kama mtoto wa kambo. Shoka la mhunzi likiwa la chuma sahihi linafaa nyika ya Tabora kuliko yote hapo juu, shida ni kwamba sokoni mazuri na mabaya yanalala kwenye turubai moja.

Uliza chuma kwanza. Springi bapa ya lori ni chuma chenye kaboni ya kutosha kukomazwa, hukaa kwenye asilimia 0.5 hadi 0.6. Nondo ya ujenzi na bati nene la mabomba havina kaboni hiyo, mhunzi avitie maji asubuhi na jioni havitashika ukali. Nenda na tupa ndogo mfukoni. Ipitishe taratibu pembeni kabisa mwa makali: iume, lakini kwa shida. Ikiteleza kama kwenye kioo, makali yamekomaa kupita kiasi, yatamegeka. Ikila kirahisi, ni laini. Kisha ipitishe sentimita tatu nyuma ya makali. Pale inatakiwa ile kirahisi zaidi, maana mhunzi mzuri hukomaza makali peke yake na kuacha mwili uwe laini ili usipasuke.

Angalia rangi pia. Mstari wa buluu karibu na makali mara nyingi ni kazi ya grinda. Chuma kikifika nyuzi joto 300 hivi kinageuka buluu, na ule ugumu uliowekwa unapungua. Sehemu hiyo itajikunja hadi uimalize kwa tupa. Wengine hung'arisha kwa msasa kuficha buluu, ndiyo maana tupa inaaminika kuliko macho.

Ukimwagiza mhunzi atengeneze jipya, mwambie apoze kwenye oili, hata oili chafu ya gari, asipoze kwenye maji. Chuma cha springi kikitumbukizwa majini kikiwa chekundu kinaweza kupata ufa mwembamba usioonekana, unakuja kufunguka siku ya kazi. Kipimo cha joto bila mashine ni sumaku: chuma kikiacha kuvutwa, ongeza moto kidogo tu, kisha kwenye oili. Baada ya hapo lazima kirudishwe motoni polepole hadi kipate rangi ya majani makavu. Wanaoruka hatua hii ndio wanaouza mashoka yanayomegeka wiki ya kwanza.

Kata Shina
Mkuu Chuma, umesahau mpini wa hilo la kienyeji, na ndiko kwenye uzuri wake. Kichwa chake hakina tundu la kuingizia mpini. Kina mkia uliochongoka unaopenya kwenye fundo nene la mpini, kwa hiyo kila ukipiga, kichwa kinazidi kujikaza. Likilegea unakita kichwa tu. Mpini ukivunjika porini, unakata mwingine hapohapo, mkia wa chuma unauchoma motoni na kutobolea. Tahadhari ni moja: usiunguze tundu hadi mkia upite kwa ulaini. Makaa yaliyobaki ndani yanasagika na kichwa kinaanza kucheza. Choma robo tatu ya safari, iliyobaki ipigwe kwa nguvu. Fundo likianza kupasuka, lifunge kwa pete ya bomba au waya mnene kabla ufa haujafika kwenye mkia.

Nyikani
Nashukuru wakuu, nanote yote. Estwing hamjaigusa kabisa.

Kata Shina
Estwing haifi. Hakuna cha kulegea wala kuoza, kwa hiyo kwa mtu anayeacha shoka kwenye buti mwaka mzima ni chaguo la akili. Chuma chake ni laini kidogo kuliko cha Sweden: kikikutana na fundo makali hujikunja badala ya kumegeka, na tupa inayarudisha kwa dakika kumi. Ubaya wake unahamia mkononi. Mpini wa chuma unapitisha mtikisiko wote kwenye kiwiko, na kwa mgunga mkavu utausikia usiku. Mashavu yake pia ni bapa, kwenye kuchanja yanabanwa na ukuni badala ya kuufungua. Sportsman's ni ya inchi 12 au 14 tu. Ukitaka chuma kimoja chenye urefu wa kazi, angalia Camper's Axe yao ya inchi 26, yaani sm 66, yenye mshikio wa plastiki.

Msumeno Kwanza
Swali lenyewe mmelipokea lilivyo. Kukata gogo kwa shoka la gramu 640 ni adhabu. Msumeno wa kukunja kama Bahco Laplander una ubapa wa sm 19, una uzito wa gramu 200 tu au pungufu, na unakata tawi la unene wa mkono bila kurusha kibanzi wala kukaribia mguu. Kata vipande vya sm 30 kwa msumeno, shoka libaki na kazi ya kuchanja. Ukigawa kazi hivyo, hata namba mbili inatosha. Usiukandamize wakati wa kusukuma, ubapa utapinda.

Fundi Mpini
Hapo nakuunga mkono nusu. Kwa kambi sawa. Gogo la sm 25 lililofunga njia, Laplander haifiki upande wa pili. Muulizaji alitaja gogo, kwa hiyo bado anahitaji shoka la sm 65 kwenye gari au msumeno mkubwa wa fremu.

Niongeze la mpini maana wengi huharibia hapo. Ukinunua shoka la tundu, geuza uangalie kitako cha mpini. Mistari ya mti iende sambamba na ubapa, kutoka upande wa makali kwenda kisogoni. Ikikatiza, weka chini. Miti yetu mingi haioneshi mistari ya mwaka, hivyo ukichongesha mpini mpya wa mkole au mkwaju, mwambie seremala apasue kipande kwa kabari asikipasue kwa msumeno. Kikipasuliwa kinafuata nyuzi zake chenyewe. Na kiwe kimekauka kivulini miezi kadhaa. Mpini mbichi leo umebana, mwezi ujao kichwa kinaruka.

Na tuache ile kawaida ya kuloweka shoka kwenye ndoo usiku kucha ili libane. Mti unavimba, unajiponda dhidi ya chuma, ukikauka unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Badala yake shika shoka wima kichwa kikiwa chini bila kugusa kitu, gonga kitako cha mpini kwa rungu. Kichwa kinapanda chenyewe kwenye mpini. Kisha kabari ya mti mgumu mkavu, na kama bado, kabari ya chuma iliyokaa mshazari kukatiza ile ya mti.

MamaKambi
Kwa hiyo Mkuu Nyikani: Mufindi pekee, namba moja ukiwa na hela. Tabora, namba nne iliyopimwa kwa tupa. Kote kote kwa bajeti ya kawaida, X7 na msumeno begini, na shoka refu la duka la vifaa likae kwenye gari. Kilimanjaro usibebe lolote, moto wa kuni hauruhusiwi kule.

Nyikani
Nachukua la mhunzi na msumeno. La mwisho: mpini nipake nini? Vanishi?

Kata Shina
Vanishi inateleza na kuleta malengelenge, ikwangue kwa msasa hata kwenye mpini mpya. Paka mafuta ya linsidi, duka la rangi wanayo, chukua yale yaliyochemshwa maana mabichi hayakauki upesi. Tabaka jembamba, subiri robo saa, futa yanayobaki juu, rudia kesho yake mara mbili tatu. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukatupa pembeni: linsidi ikikauka inatoa joto na tambara lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kichome.