Mbwa wa "huduma" asiye na adabu melini: stuwadi afanye nini?

mtoto_wa_kisauni

Asalaam aleikum wadau. Mlio kwenye meli za watalii naomba mwanga. Najiandaa na mkataba wa kitengo cha vyumba, njia ya Miami na visiwa vya Karibea. Nasikia kuna abiria wanaopanda na mbwa wa nyumbani aliyevishwa kikoti chenye maandishi kwamba ni mbwa wa huduma, halafu mbwa mwenyewe anabweka usiku kucha, anakojolea zulia la ujia na kunyakua soseji kwenye bafe. Mwenyewe akiulizwa anatoa kadi yenye picha ya mbwa.

Kadi hiyo ina nguvu? Stuwadi anaruhusiwa kuuliza nini? Uchafu ni kazi ya nani? Na kwa sisi Waislamu, mate ya mbwa kwenye shuka na yunifomu tunayafanyaje?

deki_ya_tisa

Waaleikum salaam kaka. Kadi kwanza. Marekani hakuna daftari la serikali linalosajili mbwa wa huduma. Kampuni za mtandaoni zinachukua pesa, mwenye mbwa anajaza jina na picha, kadi na kikoti vinakuja kwa posta. Hakuna aliyemwona mbwa, seuze kumpima. Tena mbwa wa kweli anaweza kupanda bila kikoti na asiwe na kosa lolote.

Mnyama wa huduma, kwa kanuni za Wizara ya Sheria ya Marekani zinazotumika tangu Machi 2011, ni mbwa aliyefunzwa kazi maalumu inayohusu ulemavu wa mwenyewe. Kumwongoza kipofu, kumgusa kiziwi kengele ikilia, kuhisi sukari inashuka, kumlinda mtu wakati wa kifafa. Paka, kasuku na sungura hawamo. Mbwa wa faraja, yaani yule anayemtuliza mtu kwa kuwa karibu naye tu, hayumo pia. Lakini shika tofauti hii: mbwa aliyefunzwa kutambua kwamba mwenyewe anaanza kuzidiwa na hofu, akamgusa au kumlalia miguuni mpaka atulie, huyo ana kazi. Usimwite wa faraja kwa sababu ugonjwa hauonekani.

Ukitilia shaka, maswali ni mawili: Je, huyu mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Huulizi ugonjwa, hudai cheti, humwambii mbwa aonyeshe ufundi wake. Na kusema kweli hata hayo mawili si ya stuwadi. Ni ya dawati la wageni au la walemavu, nao huyauliza kabla ya safari.

tanga_mbili

@deki_ya_tisa uko sawa, ila kwenye kadi pana jambo umeliruka. Kanuni za Wizara ya Uchukuzi za meli za abiria zinamtaka mwenye meli akubali kama ushahidi kadi, maandishi, kikoti, au maneno ya kuaminika ya abiria mwenye ulemavu. Kwa hiyo kadi ya mtandaoni haithibitishi mafunzo, lakini langoni inaweza kumpitisha. Hapo ndipo meli inapovuja, na ndiyo maana ugomvi wote unahamia ndani.

Na msidhani bendera ya Bahamas au Panama inaiponyesha kampuni. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, ilisema sheria ya watu wenye ulemavu inazishika kwa jumla meli za bendera za kigeni zikiwa kwenye maji ya Marekani. Kampuni ikimfukuza kipofu na mbwa wake kwa kuchoshwa na mbwa wa watu wengine, itajibu mahakamani. Kwa hiyo wakubwa wanaogopa kukataa, nawe stuwadi unaachiwa mkojo.

Ndege zimeponea kwingine. Tangu 11 Januari 2021 mashirika ya ndege yanaruhusiwa kumhesabu mbwa wa faraja kama mnyama wa kawaida, na kudai fomu ambayo abiria anatia saini kuhusu afya, mafunzo na tabia ya mbwa. Akidanganya amedanganya serikali.

mkavu_wa_bamburi

Mbona rahisi. Mbwa mdogo aliyebebwa kwenye mkoba ni feki, mbwa mkubwa wa Kijerumani ni wa kweli. Kwisha.

tanga_mbili

Hapana kaka. Mbwa wa kuhisi sukari huweza kuwa mdogo na kubebwa kifuani makusudi, apate kunusa pumzi ya mwenyewe. Na huyo mbwa mkubwa wa Kijerumani anaweza kuwa mlinzi wa nyumba asiyewahi kuingia mkahawani. Ukubwa na sampuli havisemi kitu.

Tazama mwendo. Aliyefunzwa hulala chini ya meza, hanusi sahani, hamfuati mtoto wa jirani, kamba yake imelegea. Akibweka mara moja na mwenyewe akageuka haraka kutafuta dawa, hiyo ndiyo kazi yake. Asiyefunzwa huvuta kamba, hurukia watu kwenye lifti, hubwekea mbwa mwenzake, na mwenyewe hucheka tu.

Sheria inatoa sababu mbili za kumwondoa hata mbwa wa kweli: ameshindikana na mwenyewe hachukui hatua ya maana kumtuliza, au hajafunzwa haja. Mbwa akiondolewa, abiria bado lazima apewe nafasi ya kuendelea na huduma bila yeye. Kuogopa mbwa au mzio wa manyoya ya mbwa si sababu ya kumzuia. Wanaoathirika hutenganishwa kwa meza na vyumba. Baharini huwezi kumwambia mtu atoke nje, basi mbwa hubakishwa kabini pamoja na mwenyewe, na bandari inayofuata wakateremshwa kwa gharama yao ikiwa nchi hiyo inampokea mbwa.

bi_usafi

Mwanangu wa Kisauni, nikujibu la uchafu.

Kampuni nyingi huweka sanduku la haja la futi 4 kwa 4 hivi, limetiwa vipande vya magome ya miti, nyasi bandia au mikeka ya kunyonya. Huombwa kabla ya safari. Kulisafisha ni kazi ya wafanyakazi, lakini kumpeleka mbwa huko, kumlisha na kuokota kinachoanguka kwingine ni juu ya mwenyewe. Wewe huajiriwi kumtembeza mbwa, hata bahashishi iwe nono vipi. Akikuponyoka mkononi, ni wewe utakayeandika maelezo.

Mbona mbwa wanakojoa ujiani ilhali sanduku lipo? Mara nyingi ni kwa sababu wamezoea nyasi za uani na hawajui magome ni nini. Hunusa, huzunguka, hurudi ndani, halafu zulia la karibu na kabini ndilo linalomshinda. Waliofunzwa hujisaidia kwa amri, na mwenyewe humzoesha magome nyumbani wiki kadhaa kabla ya kupanda. Upepo wa deki nao huwatisha.

Mkojo kwenye zulia: vaa glavu, weka alama ya kuzuia watu, kandamiza kwa taulo kavu mpaka lisinyonye tena. Usisugue, utauteremsha kwenye sponji ya chini. Kisha mimina dawa ya vimeng'enya, upana uzidi lile doa, kwani chini mkojo umetanda kuliko unavyoonekana juu. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na hapa ndipo wengi huharibu: hufuta baada ya dakika mbili kwa haraka ya kumaliza vyumba, harufu ikabaki, na kesho mbwa akarudi palepale. Usianze na mashine ya mvuke, joto hushikiza harufu. Usitumie dawa yenye amonia, kwa pua ya mbwa ni kama mkojo mwingine. Na klorini usiimimine juu ya mkojo hata kidogo, inatoa hewa inayochoma mapafu, na ujia wa meli hauna dirisha.

Mavi na matapishi yafuate utaratibu wa uchafu wa mwili melini: okota kwanza, funga mfuko, ndipo upitishe dawa ya kuua viini. Klorini juu ya uchafu ambao haujaokotwa haifanyi kazi.

Kampuni haitozi ada ya mnyama kwa mbwa wa huduma. Uharibifu ni mwingine: kama abiria yeyote hulipia zulia aliloliharibu, huyu naye analipa. Kwa hiyo piga picha kabla ya kusafisha.

ustadh_makadara

Kwa swali la mwisho. Sisi wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito: palipoguswa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Manyoya makavu kwenye shuka kavu, kunja shuka, hakuna neno. Shida ni mate, mkojo, na mbwa aliyetoka mvua.

Udongo usibebe kutoka Mombasa. Forodha ya Marekani hairuhusu udongo bila kibali na utalala uwanjani ukijieleza. Kuna sabuni za udongo zinazotengenezwa Malaysia kwa kazi hii hii, kipande kimoja kinatosha mkataba mzima. Hanbali wanaona sabuni inasimama mahali pa udongo, na Maliki wanamwona mbwa tohara. Ukibanwa na kazi muulize mwanachuoni wako juu ya kufuata kauli hizo. Kila siku vaa glavu ndefu na aproni, na weka yunifomu ya swala kando.

gati_la_kilindini

Niongeze la huku kwetu, kwa sababu meli za kuzunguka dunia zinatia nanga Mombasa na mabishano huhamia gatini. Kikoti cha mbwa hakimteremshi mbwa Kilindini. Anatakiwa kibali cha kuingiza mnyama kutoka Idara ya Huduma za Mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo haijaisha muda. Kibali huombwa mapema, hakitolewi kwenye ngazi ya meli. Bila hicho mbwa anabaki melini.

Hapo ndipo abiria humfungia kabini na kwenda zake Fort Jesus. Kampuni nyingi zinakataza, na hata Wizara ya Sheria ya Marekani imesema kwa hoteli kwamba mbwa wa huduma haachwi chumbani peke yake, maana hayuko chini ya mwenyewe. Ukikuta mlango unakwaruzwa na ndani hakuna mtu, usifungue. Mbwa aliyeachwa hulinda chumba.

Wenye magari ya watalii: mbwa haruhusiwi kwenye mbuga za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kwa hiyo msichukue malipo ya Tsavo Mashariki wala Shimba Hills halafu mkarudishwa getini. Na abiria wa Marekani ajue kwamba Kenya iko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyekuwa huku ndani ya miezi 6 hukutana na karatasi nyingine wakati wa kurudi kwao, tangu kanuni mpya zilipoanza 1 Agosti 2024.

mtoto_wa_kisauni

Nimeshukuru sana, Bi na wakubwa wote. Moja la mwisho: nikiona tabia mbaya naandika nini? Na akiuma mtu?

deki_ya_tisa

Andika ulichokiona, si ulichokidhani. "Saa 2:40 usiku, deki ya 6, mbwa wa kahawia amekojoa mbele ya kabini fulani, mwenyewe alikuwepo, hakufuta." Usiandike "mbwa feki" wala "abiria haonekani mgonjwa". Sentensi ya namna hiyo huiangusha ripoti nzima, na abiria akishitaki ndiyo itakayosomwa. Mpe supavaiza, naye apeleke kwa dawati la wageni na usalama. Ripoti moja haimwondoi mbwa. Tatu za watu tofauti, zenye saa na picha, na onyo aliloshapewa mwenyewe, hapo nahodha ana la kushika.

Meli zikiwa bandarini Florida, kampuni inaweza kwenda mbele zaidi: kumsingizia mbwa kuwa wa huduma kwa makusudi ni kosa la jinai kule, faini hadi dola 500, kifungo hadi siku 60, na saa 30 za kazi ya jamii kwenye shirika linalohudumia watu wenye ulemavu.

Akiuma: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, halafu kwa daktari wa meli wakati huo huo. Usimsubiri mwenyewe atafute kadi ya chanjo. Mbwa atengwe na aangaliwe siku 10, na hizo siku zinaendelea kuhesabiwa hata kama safari imeisha na abiria ameshafika kwake.