Kikao cha ushauri nasaha kikiisha, nani aseme kimesaidia?

Wadau nauliza na mnijibu bila kuoneana haya. Baada ya msiba wa mama nilienda kwa mwanasaikolojia vikao sita, cha nne yule dada akanichorea mduara kwenye karatasi, mawazo, hisia, matendo, mishale kibao, akafurahi kweli, akasema leo tumepiga hatua. Mimi nilichotoka nacho ni kwamba nilipoanza kulia aliinuka akazima feni maana ilikuwa inapiga kelele, akarudi kukaa. Basi. Ule mduara nilishausahau kabla sijafika kituo cha daladala.

Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 70 alikubaliana na mteja wake kila mmoja aandike kivyake baada ya kikao. Yeye akasifia tafsiri zake za kina, mteja hata hakuzisikia, kaandika alivyosifiwa alivyopendeza! Kwa hiyo nasema mteja apewe fomu kila kikao, mtaalamu asijipe maksi mwenyewe.

— Napinga, na kazi yenyewe ndo naifanya. Mteja ukimgusa kwenye pombe anatoka kanuna, fomu atakupa mbili kwa kumi, mwezi ukiisha huyohuyo anakuja kushukuru. Halafu kwa adabu zetu hizi nani atamwambia daktari usoni hujanisaidia? Utajaziwa kumi tupu na mtu harudi.

— Hapo kwenye adabu kweli kabisa, ila na nyie msijitetee sana. Marekani 2012 wataalamu waliulizwa wajilinganishe na wenzao, robo nzima wakajiweka kwenye asilimia 10 ya juu na hakuna hata mmoja aliyejiona chini ya wastani, sasa hiyo hesabu ya wapi jamani. Na 2005 kuna utafiti wa wateja 550, wataalamu wakatabiri watatu tu ndo watazidi kuwa vibaya, wakawa 40, na kati ya wale watatu walipatia mmoja.

— Mleta mada narudi. Kaunsela, la pombe nimekuelewa, lakini si ungependa kujua kanuna siku ileile, kabla hajapotea? Mimi kikao cha saba sikwenda, na hakuna aliyepiga simu kuuliza.