Kulea peke yako na kazi juu: Juni na Desemba mnazibaje pengo la watoto?

MamaWawili_Kimara

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mwongozo wenye hesabu. Nalea watoto wawili peke yangu hapa Dar. Mdogo ana miaka miwili na nusu, yuko kituo cha kulelea watoto mchana. Mkubwa ana saba, darasa la kwanza shule ya serikali, anatoka saa 6 na nusu mchana. Tunakaa Kimara, kazi iko Posta, katikati ya jiji: saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumamosi natoka saa 7 mchana.

Shule zikiwa wazi mambo yanakwenda. Zikifungwa Juni na Desemba, na zile likizo fupi za katikati ya muhula, kila kitu kinaanguka. Kituo cha mdogo kinafunga Desemba, na dada wa kazi anataka kwenda kwao Desemba hiyohiyo. Nifanyeje mwaka mzima uwe umefunikwa? Kituo kiwe karibu na nyumbani au na kazini? Na dada nimwandikie mkataba gani?

Kalenda_Ukutani

Dada, kabla ya kutafuta mtu yeyote chukua kalenda ya mwaka mzima na kalamu mbili. Mwaka una wiki 52. Kwa siku 6 za kazi ni siku 312. Toa likizo yako ya mwaka, siku 28 mfululizo, ambazo kwako ni siku 24 za kazi. Zinabaki 288. Toa sikukuu za taifa na za dini zinazoangukia siku za kazi, tuseme 14. Unabaki na siku 274 ambazo lazima uwe Posta. Mwaka wa masomo wa shule za msingi una karibu siku 194. Tofauti ni siku 80.

Usiogope hiyo 80, ipasue. Karibu 46 kati yake ni Jumamosi za nusu siku. Zile ngumu ni kama 34, na nyingi ziko Juni na Desemba. Ila hesabu hii inasimama kwa sharti moja: likizo yako yote iwe ndani ya wiki ambazo shule imefungwa. Ukipewa likizo Machi, 34 inakuwa 54. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotezea mwaka wao, kwa kuwa likizo imeombwa Mei wakati wenzao ofisini wamejaza fomu Januari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiri nafasi ya kuamua likizo ianze lini, mradi isichelewe kupita miezi 6 baada ya mzunguko wa likizo kuisha. Kwa hiyo peleka barua wiki ya kwanza ya Januari, uambatanishe kalenda ya shule, uombe igawanywe: wiki 2 Juni, wiki 2 Desemba. Sheria inazungumzia siku mfululizo, lakini ofisi nyingi hukubali kugawa mfanyakazi mwenyewe akiomba kwa maandishi.

Sheria hiyohiyo ina siku zisizopungua 4 za mapumziko yenye malipo mtoto akiugua. Usizitumie kwa mafua. Zihifadhi kwa siku za kulazwa.

Mlezi_Mkuu

Mimi nijibu la kituo, ndiyo kazi yangu.

Karibu na nyumbani. Kituo cha Posta kinamaanisha mtoto wa miaka miwili na nusu kwenye basi la mwendokasi saa 12 asubuhi na tena jioni, siku 5. Anafika amechoka, anaumwa mara kwa mara, na siku ambayo wewe huendi kazini naye hana pa kwenda. Kituo cha Kimara kinakupa kitu kingine ambacho ni muhimu zaidi kwa anayelea peke yake: jirani au dada anaweza kumchukua ukichelewa.

Ukienda kuangalia, usianze na rangi za ukuta. Omba kuona cheti cha usajili. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, na kituo halali hakioni taabu kukuonyesha. Wakisema kiko njiani, nenda ofisi ya ustawi ya manispaa uulize kama ombi limefika.

Nenda mara mbili, bila kutoa taarifa. Mara ya kwanza saa 8 mchana, watoto wakiwa wamelala. Mara ya pili saa 11 na nusu jioni, wahudumu wakiwa wamepungua. Asubuhi kila kituo ni kizuri. Hesabu watoto, hesabu watu wazima walio chumbani kweli, usimhesabu mpishi. Kwa walio chini ya miaka miwili, mlezi mmoja kwa watoto 4 au 5 inatosha, ukizidisha hapo hakuna anayebebwa akilia. Kwa umri wa mwanao, 8 kwa mlezi mmoja ndiyo mwisho wangu. Angalia komeo la geti liko juu kiasi gani, tangi au ndoo za maji zina mfuniko, jiko la mkaa liko mbali na wanapochezea, na choo kina sabuni na maji yanayotiririka.

Kuna jambo sitalipamba. Vipo vituo vinavyowapa watoto dawa ya mafua yenye kusinzisha ili walale muda mrefu. Dalili: mtoto amelegea kila jioni siku za kituo lakini Jumapili yuko sawa, hajakojoa kwa saa nyingi, hataki chakula. Weka kwa maandishi kwamba hakuna dawa yoyote bila simu yako, na dawa ikitolewa iandikwe daftarini: jina, kipimo, saa. Ukishuku, mpeleke hospitali siku hiyohiyo kisha piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Kuhusu mwaka mzima, usiulize "mnafungua likizo?" Utajibiwa ndiyo. Omba tarehe za kufunga za mwaka uliopita, uone kama zimeandikwa popote. Vituo vilivyo ndani ya shule za awali hufuata kalenda ya shule, kwa sababu walimu wake ndio haohao wanaoenda likizo. Vile vinavyojitegemea mara nyingi hufunga wiki moja tu, kuanzia mkesha wa Krismasi. Kwa mzazi aliye peke yake, kituo cha namna hiyo chenye bembea moja ni bora kuliko chenye bembea kumi kinachofunga wiki 5. Uliza pia kama Juni wanapokea wakubwa wa miaka 6 na 7 kwa malipo ya siku. Wengine hupokea, lakini nafasi huisha mapema, lipia Aprili.

Kumhamisha mdogo fanya ukiwa likizo. Siku ya 1 kaeni wote saa moja. Siku ya 2 ondoka dakika 30, umuage, usitoroke. Siku ya 3 hadi chakula cha mchana. Siku ya 4 alale huko. Siku ya 5 mchukue saa 11. Anayerushwa siku nzima tangu Jumatatu hulia wiki tatu na kituo humchoka.

Mkataba_Kwanza

Naja kwa dada wa kazi, maana hapo ndipo Desemba inapovunjikia.

Yeye naye ni mfanyakazi chini ya sheria ileile. Ana haki ya siku 28 za likizo kama wewe. Ukimwandikia mkataba usiotaja likizo, ataichukua anapoitaka, na kila mtu anaitaka Desemba. Iandike tangu siku ya kwanza: wiki 2 mwanzoni mwa Machi na wiki 2 mwanzoni mwa Septemba, malipo kamili pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Nauli ndiyo inayomfanya akubali. Nje ya msimu basi ni rahisi kupata, kwa hiyo nawe unalipa kidogo. Aking'ang'ania msimu wa Krismasi, na wengi wana sababu ya haki, basi aondoke mwanzoni mwa Desemba au baada ya Mwaka Mpya, wewe upange wiki zako 2 zikutane na za kwake.

Awe na miaka 18 au zaidi. Omba namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa anakotoka, zungumza na mzazi wake kwa simu, kisha mtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wako. Mshahara usiwe chini ya amri ya kima cha chini inayotumika, ambayo hutenganisha anayelala kwako na anayekuja na kuondoka. Saa za kazi hazizidi 45 kwa wiki, za ziada zina malipo yake. Siku ya sikukuu akifanya kazi hulipwa mara mbili. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako nusu yake.

Kwa nini naweka uzito hapa? Kwa sababu dada anayeondoka ghafla karibu kila mara ni yule ambaye mshahara wake umecheleweshwa au hana siku ya kupumzika. Mpe Jumapili nzima, kila wiki, hata ukiwa umechoka. Tena weka akiba ya mshahara wake wa mwezi mmoja mahali ambapo huigusi.

MamaWawili_Kimara

Nashukuru sana, nimeanza kuchora kalenda. Imebaki wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, ofisi yetu haifungi. Na siku za homa, kituo hakipokei mtoto mwenye joto. Baba yao yupo lakini hatoi chochote.

Kalenda_Ukutani

Wiki hiyo tafuta wazazi wawili wa mtaani wenye watoto wa umri unaolingana na wa kwako. Kila mmoja achukue likizo siku 2 na kuwashika watoto wa wote, mnakuwa mmefunika siku 6. Watoto wasizidi 6 kwa mtu mzima mmoja, na wa chini ya miaka mitatu wasizidi 2. Kubalianeni mapema nani analisha nini, nani ana mzio, na hospitali ipi mtoto akiumia. Pesa isiingie humo, ikiingia mtagombana kuhusu chakula. Na jambo hili lisemwe Oktoba, Desemba kila mtu ameshaahidi kwao.

Kwenda kwa bibi kunawezekana kwa mkubwa, ila tiketi ikatwe wiki 3 kabla, asafiri na mtu mzima unayemjua, na abebe kadi ya kliniki na chandarua.

Nesi_wa_Kliniki

Homa: mtoto wa umri huo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida, na miezi ya kwanza ya kituo huwa mengi zaidi. Panga siku 10 za kubaki nyumbani kwa mwaka. Mwenye nyuzi 38 au zaidi abaki na apimwe malaria, usimpe dawa kwa kubahatisha. Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea kupita kiasi, hiyo ni hospitali saa hiyo, si suala la nani atabaki naye. Hakikisha chanjo ya surua na rubella ya miezi 9 na ile ya miezi 18 zote zimo kwenye kadi, maana ya pili husahaulika sana.

Kwa siku hizo 10 uwe na mtu wa akiba aliyeshazoeana na watoto. Mwite siku moja kila mwezi hata kama huna haja, umlipe. Mtoto mgonjwa hakubali mgeni.

Ustawi_Mtaani

Kuhusu baba: matunzo ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto, hata kama hamkufunga ndoa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa na vyeti vya kuzaliwa, risiti za kituo za miezi 3, ada na michango ya shule, mshahara wa dada na kodi. Ataitwa kwa barua. Akikubali mnaandikishana kiasi na tarehe, akikaidi shauri linapelekwa Mahakama ya Watoto. Risiti ndizo zinazosema. Anzisha bahasha yake leo, na kituo kikikataa kutoa risiti lipa kwa simu ili ujumbe ubaki.

Mlezi_Mkuu

Naongeza moja, maana nimeona umri wao. Mkubwa asihesabiwe kama mlezi wa mdogo, hata kwa nusu saa ya dada kwenda sokoni. Saa 6 na nusu mchana achukuliwe shuleni na mtu mzima, asipandishwe bodaboda peke yake. Kituoni acha orodha ya watu 3 wanaoruhusiwa kumchukua mdogo, yenye picha na namba za simu, na neno la siri ambalo hata shangazi mtu akilikosa hapewi mtoto. Libadilishe kila dada anapoondoka.