Vyuo vyetu vipimwe kama makampuni au la? Tujadili

Wadau wa Bagamoyo salaam. Kuna hoja inazunguka huku kwetu kwamba vyuo vianze kujipima kwa mifumo ya menejimenti ya makampuni, kama ile balansi skokadi (balanced scorecard) ya Kaplan na Norton ya 1992, inayopima taasisi kwa zaidi ya hesabu za fedha, au 7S ya kampuni ya ushauri ya McKinsey, inayoangalia mambo saba ya ndani ya taasisi. Wanaopinga wanasema chuo sio duka.

Mimi nasema vipimwe, ila kipimwe chuo chenyewe, sio mtu mmoja mmoja. Nilifuatilia transkripti ya mdogo wangu chuo kimoja hivi, taaluma wakasema uhasibu hawajathibitisha ada, uhasibu wakasema malipo hayaonekani nendeni kwa watu wa kompyuta, wa kompyuta wakaturudisha taaluma, na kila ofisi mtu yupo na kazi yake anaifanya. Ukiwapima mmoja mmoja wote watapata alama nzuri na dogo usaili umeshampita! Deming, yule mtaalamu wa Kimarekani wa ubora kazini, alilisema hili zamani, makosa mengi kazini yanatoka kwenye mfumo. OPRAS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji, tangu 2004 ilikua inampima mtumishi, na sehemu nyingi ikaishia kuwa fomu ya kujazwa tu, ndo maana kwenye mifumo iliyokuja baada yake, PIPMIS inayopima taasisi naiona ya maana kuliko kubaki na PEPMIS tu, inayompima mtumishi.

Uzuri wa 7S inakulazimisha uangalie kwa pamoja mkakati, muundo, mifumo, watumishi, ujuzi, mtindo wa uongozi na yale mnayoyaamini wote. Chuo kinaweza kua na mpango mkakati mzuri kabisa, lakini uliza transkripti inatakiwa itoke ndani ya siku ngapi, nani anajua?

Hofu ya wanaopinga naielewa, hawataki mhadhiri apimwe kwa idadi ya waliofaulu, na hapo niko nao kabisa. Ila Marekani tuzo ya Baldrige, ya taasisi zinazofanya kazi kwa ubora, ilianzishwa 1987 kwa ajili ya biashara, elimu ikaingizwa 1999, na 2001 University of Wisconsin-Stout wakaipata na bado ni chuo. Na sisi ADEM tunayo hapahapa Bagamoyo, kazi yake ni kufundisha uongozi wa elimu, kwanini vyuo vya jirani visianzie hapo?

Kwa hiyo mnaopinga naombeni mniambie, bila kipimo mwanafunzi anayezungushwa ofisi tatu atalalamika wapi na nani atawajibika? Na mnaofanya kazi vyuoni semeni pia, faili likikwama kwenu huwa linakwamia wapi?