Mama Mongella: dunia ilimfaidi kuliko Ukerewe?

Mwanakisiwa: Wakuu, jana kwenye kivuko tumebishana kutoka Nansio mpaka Mwanza. Getrude Mongella: mwalimu, waziri enzi za Nyerere na Mwinyi, balozi wetu India, Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake Beijing 1995, Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika 2004. Halafu 2010 jimbo la Ukerewe likaenda Chadema. Jimbo lilipata nini?

Kahawa Chungu: Jimbo sijui. Mimi tangu mwaka ule nikiulizia chakula naambiwa "tumeshatoka Beijing".

Binti Sengerema: Miaka yote hiyo hujajua kusonga ugali, kosa la Mongella?

Kahawa Chungu: Najua, dada. Wa muhogo tu ndio unanitoa jasho.

Mkongwe: Hilo la "wa kwanza" mnalipenda. Bibi Titi anawakusanya akina mama TANU 1955, huyu ana miaka kumi. Lucy Lameck je?

Binti Sengerema: Kaandika wa kwanza BUNGE LA AFRIKA. Soma kabla ya kukurupuka, mzee wangu.

Mkongwe: Mzee wako yuko kwenu. Na bunge lenyewe la kushauri tu, halijatunga sheria hata moja.

Mwanakisiwa: Wakuu, jimbo…

Binti Sengerema: Ngoja kwanza. Baba alipofariki mashemeji walikuja kupima shamba kwa kamba, mama bado yuko kwenye kaniki ya msiba. Mwenyekiti wa kijiji akatoa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, akawasomea palepale chini ya mwembe. Wakakunja kamba yao. Usiniambie Beijing ni porojo.

Mkongwe: Pole. Ila sheria hiyo ni ya serikali ya Mkapa. Mongella kaingiaje?

Binti Sengerema: Nchi 189 zilikubaliana pale, mwanamke na mali imo. Serikali ya Mkapa ilikuwa mwezini?

Kahawa Chungu: Halafu Usukumani shamba linapimwa kwa hatua. Kamba mmeitoa wapi?

Binti Sengerema: Ulikuwepo?

Kahawa Chungu: Sikuwepo, ila marehemu babu alikuwa mpimaji wa kijiji kizima na kamba hakuwa nayo.

Mkongwe: Hapo namuunga mkono. Hatua sabini kwa sabini, ndiyo ekari.

Binti Sengerema: Hatua za nani? Za mrefu au za mfupi?

Mwanakisiwa: Basi nitauliza kwenye kivuko cha kurudi.