Mawakala wa meli za utalii Zanzibar: acheni kuuza saa ambazo hazipo, na mama aliyepika mlipeni hela yake

Wanajukwaa, asalaam alaykum, na habari za mchana kwa wote. Nina hasira na sitajifanya sina. Mimi ni mwongoza watalii hapa Unguja, huu mwaka wa 11, na nimevumilia mengi kwenye hii kazi. Hili la wiki iliyopita nimeshindwa kulimeza.

Nililetewa ratiba kwa WhatsApp na ofisi moja ya uwakala hapa mjini, jina silitaji. Wageni 14, wengi wao wazee, meli inatokea Ushelisheli. Kuingia saa mbili asubuhi, kuondoka saa kumi na moja jioni. Humo wameandika: shamba la viungo Kizimbani, msitu wa Jozani na kima punju, kutembea juu ya mikoko, chakula cha mchana kijijini, Mji Mkongwe, na mstari wa mwisho kwa herufi nzito, vyakula vya Forodhani.

Forodhani! Mtu akikaa mji huu wiki moja tu anajua zile meza za vyakula kwenye bustani ya pwani zinapangwa alasiri na moto unakolea baada ya magharibi. Magharibi ya hapa mwaka mzima haiwahi kabla ya saa kumi na mbili. Meli inang'oa nanga saa kumi na moja. Huyo mgeni atakula mishikaki ya nani, na urojo wa nani? Nikapiga simu kuuliza. Dada aliyepokea akanijibu, "Kaka, wewe wapeleke tu, wakikuta hakuna utawaeleza." Yaani wao wauze, mimi nikaeleze.

Sasa tuhesabu hizo saa tisa, maana hapa ndipo uongo unapoanzia. Meli ilitia nanga nje, haikufunga gatini. Abiria wakaletwa kwa boti za meli, kundi baada ya kundi, baada ya watu wa uhamiaji kumaliza kazi yao. Nilikuwa pale Malindi, bandari ya hapa mjini, tangu saa moja na nusu na karatasi yangu mkononi. Mgeni wangu wa kwanza alikanyaga ardhi saa tatu na dakika arobaini. Wakahesabiwa, mmoja akarudi kutafuta kofia, mwingine akataka choo. Gari likaondoka saa nne na dakika tano. Mwisho wa siku nako boti ya mwisho ya kuwarudisha inaondoka nusu saa kabla ya meli. Zile saa tisa zimeshakuwa sita na kidogo, na hatujafika hata sokoni Darajani.

Niliomba tuanze Jozani. Kima punju anapatikana hapa Unguja tu, duniani kote hakuna pengine pa kumkuta kwa asili yake, na asubuhi anashuka chini, anakula majani machanga, watoto wanarukiana mbele yako. Jua likiwa kali anapanda juu analala. Kila mtu wa kule anajua. Ofisi ikakataa, ikasema mwenye shamba la viungo keshapewa saa yake. Tukaenda Kizimbani, dakika arobaini za karafuu, mdalasini na mchaichai, kisha tukakata nchi hadi Jozani. Bungi tukapita chini ya miembe ya Bi Khole, binti wa Sultani, bila hata kusimama. Tukafika msituni saa saba kasoro dakika ishirini.

Mnajua walichoona wale wazee? Mikia. Mikia inaning'inia juu kabisa, wenye nayo wamelala. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na darubini yake ndogo. Alisimama amekunja shingo karibu robo saa, akaniuliza kwa upole kama kweli hao ndio wanaokula mkaa. Nikamwambia ndio, kuna makundi ya kima hapa wanaokota mkaa na kuutafuna, unawasaidia kupunguza sumu ya majani ya mkungu na mwembe. Akafurahi sana. Akaniuliza atawaona saa ngapi. Nilikosa la kumjibu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa saa mbili asubuhi.

Kwenye mikoko, ratiba iliahidi "kutembea juu ya maji". Siku hiyo ilikuwa maji mafu, zile siku bahari haijai sana wala haipwi sana. Mkondo wa pale maji mafu haujai kama siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Tukakuta tope na kaa. Mimi tope nalipenda, nina ya kueleza kuhusu mizizi ya mkoko kwa saa nzima, lakini mgeni ameuziwa maji. Jedwali la kujaa na kupwa lipo kwa mwaka mzima, na tarehe ya meli inajulikana miezi kabla. Ni nani alishindwa kuviweka hivyo viwili pamoja?

Nifike kwenye chakula, ambacho ndicho kimeniandikisha huu uzi.

Kijijini Pete kuna mama anayewapikia wageni wangu, mwaka wa nne sasa. Si mkahawa, ni nyumbani kwake, jamvi barazani na meza mbili. Ofisi iliagiza sahani 14: wali wa nazi, pweza wa nazi, mchicha, chapati, juisi ya ukwaju. Sh 20,000 kwa sahani, jumla Sh 280,000. Hawakumpa hata shilingi ya kuanzia. Na nimeshasema ilikuwa maji mafu. Pweza mzuri hupatikana bamvua, miamba inapobaki wazi na watu wakaweza kutembea hadi kwenye mashimo yake. Maji mafu pweza ni adimu na bei yake si ya kawaida. Mama alimtuma kijana hadi Jambiani, akakopa hela kwenye kikoba chao, akaazima sahani kwa majirani. Akampiga pweza, akamchemsha tangu alfajiri mpaka akalainika. Nazi alikuna mwenyewe. Nilipofika saa nane na robo harufu ya tui ilitupokea barabarani.

Wageni wakanawa, wakakaa. Sahani mbili za kwanza zikatua mezani. Yule bibi mwalimu alikuwa anajipangia kitambaa mapajani, mkono wake ukapita mbele yangu, nikaona saa yake ya mkononi. Ilisema saa tisa na robo. Nikatazama simu yangu, saa nane na robo. Nikamwambia bibi, saa yako imekwenda mbele. Akasema hapana, hii ni saa ya meli, nahodha alitangaza hatubadilishi mpaka tuondoke Zanzibar.

Wallahi miguu iliniishia nguvu. Ushelisheli wako mbele yetu kwa saa moja. Meli ilibaki na saa za huko. Boti ya mwisho niliyoambiwa ni saa kumi na nusu ilikuwa saa kumi na nusu ya meli, yaani saa tisa na nusu ya kwetu. Kutoka Pete mpaka Malindi ni kama kilomita 35, na ukifika Mwanakwerekwe hujui utakutana na foleni gani. Tulikuwa na saa moja na robo tu, na hao walikuwa wageni wa kujipangia nje ya meli. Aliyenunua safari kwa meli yenyewe, gari likichelewa kwa kawaida meli itamngoja. Aliyenunua nje haingojwi. Ataachwa gatini na viatu vyake, ajitafutie ndege kwa hela yake hadi bandari inayofuata.

Nikasimama nikawaambia tuondoke sasa hivi. Mzee mmoja alikuwa na kijiko mdomoni. Mama akatoka jikoni na bakuli kubwa la pweza mikononi, akabaki mlangoni akitutazama tunavyonyanyuka. Hakusema neno. Akarudi ndani mbio, akatoka na chapati, akawa anaweka vipande vya pweza katikati, anakunja, anawapa mmoja mmoja wakiingia garini. Yule bibi alikula njiani, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye ile saa yake. Aliniambia ndicho chakula kizuri kuliko vyote tangu apande meli. Alikula vipande vitatu.

Tulifika Malindi saa tisa na dakika ishirini na tano. Dereva wangu Mungu ambariki. Mji Mkongwe waliuona kwa dirishani.

Kesho yake naenda ofisini kuchukua malipo ya mama na yangu. Wananiambia chakula hakikuliwa, kwa hiyo hakilipwi. Na mimi nikakatwa nusu ya posho, Sh 30,000 kati ya 60,000, kwa sababu wageni "hawakukamilisha ratiba". Nikauliza nani aliandika ratiba. Nikauliza nani alipokea barua ya meli na akashindwa kuuliza swali moja tu: hii saa ni ya wapi? Meneja akasema mwongozaji mzoefu angejua. Nakubali sehemu yangu: nilipaswa kuuliza asubuhi pale gatini, na sasa naiuliza kabla ya kusalimia. Lakini anayewasiliana na meli ni wao, na asilimia ni yao.

Mama nimempa Sh 100,000 za mfukoni mwangu. Bado anadaiwa na kikoba. Pweza iliyobaki aligawa kwa majirani waliomwazima sahani.

Sasa niseme na mawakala moja kwa moja. Chakula mnakiweka mwishoni mwa ratiba kama kiraka. Kila kitu kikichelewa, kinachokatwa ni mlo, na kila mlo ukikatwa kuna mtu aliyewasha moto tangu alfajiri. Meli inayokaa kwa saa tisa inabeba jambo moja la maumbile na mlo mmoja wa kukaa. Mkitaka Jozani, nendeni Jozani asubuhi moja kwa moja, kuleni palepale saa sita, rudini mjini mkiwa na saa mbili za akiba. Mkitaka viungo, mgeni ale hukohuko shambani, pilau limepikwa kwa alichokichuma. Meli ikiwa ya nusu siku, muacheni mjini: asubuhi avuke kisiwa cha Changuu akaone kobe, wale ambao mbegu yao ililetwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, boti ni kama nusu saa. Akirudi ale urojo wa mchana vichochoroni, wenye bajia, kachori na muhogo wa kukaanga, amalizie kahawa na kashata pale Jaws Corner. Hapo hata meli ikipiga honi anasikia.

Na tazameni kalenda. Wapo wanaouza mlo wa samaki wa kuchoma juu ya fungu la mchanga la Nakupenda bila kuangalia maji, wakati bamvua likijaa fungu lote linazama. Wapo wanaopanga kula mjini Ijumaa saa saba kasoro, wenye mikahawa wako msikitini. Msimu wa meli ni huu wa kaskazi, na miaka hii Ramadhani inaangukia humohumo Februari na Machi. Mchana wa Ramadhani mikahawa ya wenyeji imefungwa, na mgeni kula barabarani ni kuwakosea watu adabu. Mwaka jana nililetewa ratiba ya "kuonja vyakula vya mtaani" siku ya mfungo wa nane. Nilimpeleka mgeni hotelini akala viazi.

Waongozaji wenzangu, msikubali tena kumwagizia mama yeyote chakula bila arbuni. Nusu iwe mkononi mwake kabla hajaenda kununua nazi. Ofisi ikikataa, mwambieni mgeni abebe mkate wa meli.

NYONGEZA: Mdau mmoja hapo chini ameuliza kwa nini nisiache kazi na hao watu. Kaka, meli zinaingia kwa mawakala, mimi siwezi kwenda kuzungumza na nahodha. Mwingine anasema nitaje jina. Sitataja hapa, nitalitaja kwenye barua ninayoipeleka Kamisheni ya Utalii Jumatatu, nikiwa na ratiba yao, picha ya sahani, na hesabu ya mama ya nazi na pweza aliyoiandika kwa mkono wake.

NYONGEZA 2: Wameniletea ratiba ya meli ya tarehe 19. Viungo, Jozani, mikoko, chakula Pete, Mji Mkongwe, Forodhani. Wamebadilisha tarehe tu. Nimewajibu siendi mpaka Sh 180,000 za mama zilizobaki zilipwe, na zangu 100,000 zirudi. Mwongozaji yeyote atakayepigiwa simu kwa ajili ya hiyo tarehe, namuomba anitafute kwanza.

Na wenzangu mliokatwa hela za vyakula, iwe Nungwi, Kizimkazi au huko Mombasa, nileteeni tarehe na kiasi kwa ujumbe wa faragha kabla ya Jumatatu, niviambatanishe.