Naomba ushauri: matairi ya Premio 195/65R15, gari imekuja na ya theluji

Mleta mada
Wakuu, habari za humu. Premio yangu imetoka Japani miezi miwili iliyopita. Matairi yana kashata nene (yale meno ya tairi), fundi akasema nisiyaguse. Lakini kila nikienda Dodoma, jua likikolea, gari inakuwa kama inaelea kwenye kona. Majuzi mvua ilinikuta Gairo, nikakanyaga breki, ikateleza hadi karibu na lori la mbele. Watoto walikuwa nyuma, sijalala vizuri tangu siku ile. Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Bajeti laki 8. Nichukue mtumba wa Japani, mapya ya Kichina, au Bridgestone mawili kwanza?

Fundi Gereji
Mkuu, hayo ya STUDLESS ni ya theluji, toa yote. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zimechanwa vimistari vingi ili zing'ate barafu. Kwenye lami ya moto mpira unalainika kupita kiasi, vile vipande vinapindapinda. Huko kuelea ndiko kunakotokea. Tena mengi yana herufi Q, mwisho kilomita 160 kwa saa. Tafuta ya kawaida, 91H: 91 ni uzito wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja, H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa.

Mawili usinunue. Ukichanganya na ya theluji, mbele na nyuma havitashika barabara sawa, na kwenye mvua gari itakugeuka.

Mbongo Ujerumani
Huku tunabadilisha mara mbili kwa mwaka, Oktoba hadi Pasaka tunafunga matairi ya baridi, kisha ya kiangazi. Hayo ya kiangazi ndiyo yanayofaa Bongo mwaka mzima. Ukikuta tairi lenye kibandiko cha Ulaya, angalia herufi ya kushika barabara yenye maji, A hadi E. Mimi huanzia hapo kabla ya kuuliza bei.

Mama Abiria
Mtumba hapana jamani. Soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, ule msimbo wa ubavuni mwa tairi: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Kashata inaweza kuwa nene na mpira umeshazeeka.

Mleta mada
Nimetoka kuangalia sasa hivi: 3814. Wiki ya 38, mwaka 2014! Na mimi nilikuwa nasifia kashata.

Basi mapya manne. Dukani kuna ya aina mbili kwa bei yangu: moja treadwear (alama ya kudumu kwa kashata) 300, temperature A, nyingine 420, temperature B.

Fundi Gereji
Hiyo treadwear kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwa hiyo 420 ya huyu si lazima idumu kuliko 300 ya yule. Temperature ni uwezo wa kuhimili joto, A ndiyo ya juu. Kwa safari ndefu za mchana, gari imejaa, mimi nachukua A. Akikuletea ya DOT ya miaka minne nyuma, mrudishie.

Mleta mada
Asante sana wakuu. Jumamosi nafunga, na alaimenti (kuweka magurudumu yakae sawa) hapohapo.

Mama Abiria
Upepo pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kipimo kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Na spea usiisahau, nayo isome DOT.